Nta ya Mshumaa, Zulia na Sufuria ya Maji Moto

Nta ya mshumaa ikimwagika juu ya zulia, hasara kubwa kwa kawaida haitokani na nta yenyewe. Inatokana na yale yanayofanywa katika nusu saa inayofuata: maji yanayochemka yanamiminwa, mafuta ya taa yanapakwa, kisu kinakwangua kwa nguvu, au pasi ya mkaa inakandamizwa juu ya nyuzi. Nta ikishaganda hutulia pale pale ilipoangukia. Haiozi, haili nyuzi, na ukiiacha hadi kesho au keshokutwa hutakuwa umepoteza kitu. Zulia lililoungua, kwa upande wake, halina tiba. Makala haya yanatetea jambo moja ambalo wengi hulipita kwa pupa: nta haifuliwi, bali huhamishwa. Huyeyushwa kwa joto la kiasi ikiwa imefunikwa na kitu chenye kiu kuliko zulia, nayo ikapanda na kuingia humo. Kazi hiyo haidai dawa ya dukani, na katika nyumba ya Kilwa Masoko au Lindi mjini vifaa vyake vyote vimo jikoni.

Huku pwani ya kusini tatizo hili lina sababu zake. Mshumaa unaowaka mahali palipotulia hujitengenezea kijikombe cha nta iliyoyeyuka kuzunguka utambi, na nta hiyo hupanda kwenye utambi na kuungua. Upepo ukiulalisha mwali upande mmoja, ukingo wa upande ule huyeyuka, kijikombe kinabomoka na nta inatiririka. Sasa fikiria sebule ya Kivinje au Mchinga umeme unapokatika. Feni imesimama, joto limepanda, madirisha yote yanafunguliwa, na upepo wa bahari unaingia, hasa miezi ya kusi. Saa ile ile mshumaa unapohitajika ndiyo saa unayotiririka zaidi. Na mshumaa utaendelea kuhitajika. Gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ndani ya wilaya hii hii ya Kilwa, imekuwa ikipita katika bomba la kilomita 232 kwenda Dar es Salaam tangu 2004 na kuzalisha umeme huko, lakini nguzo na nyaya zinazofika mlangoni kwa mtu bado zinapigwa na mvua na upepo kama zamani. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoletwa na kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga. Anayeishi ng'ambo ya barabara ya namna hiyo ana haki ya kuweka pakiti ya mishumaa kabatini.

Tuanze na nta yenyewe. Mishumaa myeupe ya dukani hutengenezwa hasa kwa parafini, zao la mafuta ghafi ya petroli, na wakati mwingine huchanganywa na stearini ili isimame imara. Mchanganyiko huo huyeyuka kwenye nyuzijoto 50 hadi 65 hivi. Nta ya nyuki, ambayo kwa miaka mingi ilishuka kutoka bara hadi bandari za kusini pamoja na pembe za ndovu, sandarusi na mpira, huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, na hunata zaidi. Zote mbili zina tabia moja ambayo ndiyo msingi wa kila kinachofuata: hazichanganyiki na maji hata kidogo. Sabuni inaweza kukamata mafuta ya kupikia kwa sababu mafuta yale ni kimiminika na hukatika matone madogo madogo ambayo sabuni huyazunguka na kuyachukua. Nta iliyoganda haikatiki hivyo. Unaweza kuisugua kwa sabuni ya unga hadi mkono uchoke, utakachobadilisha ni nyuzi za zulia, ambazo zitachanika na kusimama ovyo, huku nta ikiwa imezidi kusokomezwa ndani.

Upande wa pili wa jambo ni zulia. Mazulia mengi ya bei ya kawaida yanayouzwa leo, pamoja na kapeti inayokatwa kwa mita, yamefumwa kwa nyuzi za plastiki iitwayo polipropilini. Lile laini lenye nyuzi ndefu ambalo wauzaji huliita zulia la manyoya mara nyingi ni la poliesta, wala hakuna mnyama aliyenyolewa. Polipropilini ni ndugu wa parafini: vyote viwili ni minyororo ya kaboni na hidrojeni, tofauti kubwa ikiwa ni urefu wa minyororo hiyo. Undugu huo una matokeo mawili. La kwanza ni kwamba nta huishika polipropilini vizuri kuliko inavyoishika sufu au pamba. La pili, lililo zito zaidi, ni kwamba zulia nalo linayeyuka. Polipropilini huyeyuka karibu na nyuzijoto 160, na kabla ya kufika hapo tayari imelegea na kulala. Kwa hiyo anayetaka kuondoa nta ana uwanja wa kufanyia kazi ulio kati ya nyuzijoto 65 na, tuseme, 120. Chini ya uwanja huo nta haisogei. Juu yake anaharibu. Ubora wa njia yoyote, ya kienyeji au ya kisasa, hupimwa kwa swali hilo moja: je, inabaki ndani ya uwanja huo, na je, inaipa nta mahali pengine pa kwenda?

Maji yanayochemka hufaulu sehemu ya kwanza ya swali na kuanguka katika ya pili. Kwa nyuzijoto 100 yanaiyeyusha nta mara moja, lakini hayaipi pa kwenda isipokuwa chini. Inashuka kupitia nyuzi hadi kwenye mgongo wa zulia, inasambaa, maji yanapoa, inaganda tena pale ambapo hakuna kucha wala kisu kitakachoifikia. Kilichokuwa doa la ukubwa wa sarafu kinakuwa doa la ukubwa wa sahani. Baada ya wiki chache sehemu ile inakuwa nyeusi, kwa kuwa nta iliyobaki hukamata vumbi na mchanga unaoingia na miguu, na pwani mchanga haukosekani. Juu ya hayo kuna unyevu. Katika miezi ya mvua, zulia lililolowa hadi mgongoni hukawia kukauka, na kabla halijakauka limeshaota ukungu na kunuka.

Mafuta ya taa ndiyo dawa inayotetewa kwa ukali zaidi, na watetezi wake wana hoja. Wanasema wazee waliyatumia, nta ikatoka, na sakafu ikabaki safi. Ni kweli kwamba mafuta ya taa huyeyusha nta. Yanatokana na mafuta ghafi yale yale, na mafuta huyajua mafuta. Lakini tazama waliyatumia juu ya nini. Sakafu ya saruji, meza ya mbao na kinara cha shaba havina nyuzi zinazonyonya wala gundi inayozishikilia. Zulia la leo lina mgongo uliobandikwa kwa gundi ya mpira, na mpira ukikutana na mafuta ya taa huvimba na kulegea, kisha nyuzi zikaanza kung'oka. Polipropilini nayo hupenda mafuta. Huyashika na kubaki nayo, hivyo harufu hukaa kwa wiki nyingi na vumbi hupata pa kunata. Kisha kuna jambo ambalo halina mjadala. Mafuta ya taa yanaweza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto kwenye nyuzijoto 40 hivi, na mtu anayeyapaka usiku umeme ukiwa umekatika kwa kawaida ana mwali umbali wa mkono mmoja. Petroli ni mbaya mara nyingi zaidi ya hapo. Nyumba ya makuti haipaswi kuhatarishwa kwa ajili ya doa.

Njia inayosifiwa sana ni karatasi na pasi, na ndani yake umo ukweli ninaoutafuta. Weka karatasi juu ya nta, pitisha pasi, nta inayeyuka na kupanda kwenye karatasi. Nguvu inayoipandisha ni ile ile inayoipandisha kwenye utambi. Mwanasayansi wa Uingereza Michael Faraday aliwaeleza vijana jambo hilo katika mihadhara yake maarufu juu ya mshumaa, aliyoitoa London mwaka 1848 na tena 1860: kimiminika hupanda chenyewe katika vinjia vyembamba vilivyo kati ya nyuzi, bila kusukumwa na mtu. Karatasi isiyong'arishwa ina vinjia vyembamba kuliko vya zulia, na vyembamba ndivyo vinavyovuta zaidi. Kwa sababu hiyo nta, ikipewa nafasi ikiwa ya moto, huliacha zulia na kuifuata karatasi. Kanuni ni nzuri. Tatizo ni pasi. Pasi ya umeme yenye nukta tatu ina nukta ya kwanza inayofikia nyuzijoto 110 hivi, ya pili 150, na ya tatu 200. Nukta ya kwanza iko ndani ya uwanja wetu, ya pili iko mlangoni pa hatari, na ya tatu inaliyeyusha zulia la polipropilini kwa pumzi chache. Pasi ya mkaa haina nukta. Hakuna anayejua imefika wapi, na inamwaga majivu na cheche. Haifai kabisa kwa kazi hii, hata mikononi mwa fundi aliyenyoosha nguo maisha yake yote, kwa sababu ujuzi wake umejengwa juu ya pamba, na pamba huvumilia joto ambalo plastiki haivumilii.

Hapo ndipo sufuria inapoingia, na nashangaa kwamba haitajwi mara nyingi zaidi. Maji hayapiti nyuzijoto 100 katika chombo kilicho wazi, hata ukichochea moto vipi. Sufuria ya alumini yenye kitako kilichonyooka na safi, ikitiwa maji yaliyochemka hadi robo au theluthi, ni pasi isiyoweza kuunguza zulia. Inazidi joto la kuyeyusha nta kwa mbali, na haifiki hata karibu na joto la kuyeyusha polipropilini, poliesta au nailoni, wala la kuunguza sufu. Haihitaji umeme, ambao huenda bado haujarudi, wala haitegemei macho ya mtu kukadiria joto. Tumia sufuria ambayo haijawahi kukaa juu ya kuni, au chemsha maji katika nyingine na kuyamimina katika hii, maana masizi ya kitako yatakuwa doa jipya baya kuliko la kwanza. Watoto wakae mbali, na maji yasijae, kwa kuwa kuungua kwa maji moto ni ajali ya kweli. Weka karatasi tabaka mbili juu ya nta, weka sufuria, hesabu hadi ishirini, inua. Karatasi itakuwa imepata alama inayopenyeza mwanga, kama ile ya karatasi ya maandazi. Sogeza sehemu safi ya karatasi, rudia. Usisugue na usizungushe. Watu wengi hushindwa hapa kwa kutumia karatasi moja mwanzo hadi mwisho. Iliyoshiba nta hairudi kunywa, na ikipata joto tena huirudisha nta zuliani. Unajua umemaliza pale karatasi safi inapotoka bila alama.

Karatasi gani? Ya kaki isiyo na maandishi ndiyo bora, na haiadimiki tena, kwa kuwa tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya kaki imeenea hadi kwenye maduka ya vijijini. Karatasi za chooni zilizokunjwa mara kadhaa hufaa pia, na shuka jeupe kuukuu la pamba hufaa zaidi ya zote ikiwa umekubali kulipoteza. Gazeti liepukwe. Wino wake huachia ukipata joto na nta, na zulia la rangi ya maziwa litabaki na kivuli cha kijivu. Khanga kuukuu nayo, kama rangi yake bado inatoka, ina hatari hiyo hiyo.

Kabla ya joto huja baridi, na hapa ushauri unaoandikwa kwa ajili ya nchi za Ulaya hauwezi kuchukuliwa ulivyo. Huko wanasema subiri nta ikauke kisha ibanjue. Katika sebule yenye nyuzijoto 18 nta huwa ngumu na hupasuka vipande. Katika sebule ya Lindi yenye nyuzijoto 30 huganda, ndiyo, lakini hubaki na ulaini unaofanya ipindike badala ya kuvunjika, na kila ukiibanjua inang'oka na nyuzi. Inahitaji kugandishwa zaidi. Chupa ya maji iliyolazwa kwenye friza ikawa barafu ni kifaa kamili, kwa sababu barafu yake haivuji na zulia halilowi; penye soko la samaki barafu haikosekani, nayo ifungwe ndani ya kitu kisichopitisha maji. Ilaze juu ya nta robo saa, kisha vunja kwa ubapa wa kijiko, si kwa ncha ya kisu, ukianzia ukingoni kwenda katikati. Vipande viokotwe vyote kabla ya kuleta sufuria, maana kila kipande kilichosahaulika ni nta zaidi itakayoyeyushwa bila sababu. Kama hakuna barafu wala umeme wa kuitengeneza, ruka hatua hii. Utatumia karatasi nyingi zaidi, basi.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni ya zulia, na nyumba nyingi za pwani bado zinatandika mkeka. Hoja ni ya haki, na mkeka una bahati yake. Ukindu ni mlaini juu na haunyonyi kama uzi. Nta hukaa juu yake na kujipenyeza tu katika mishono ya ukili. Iache igande, upinde mkeka taratibu mahali pale kuelekea upande wa chini, na sehemu kubwa itabanduka yenyewe. Kinachobaki kitolewe kwa karatasi na sufuria iliyopoa kidogo. Maji ya moto yasiguse mkeka wa rangi, kwa kuwa rangi ya ukindu hutoka na kuchafua mistari ya pembeni. Jamvi la miyaa ni hivyo hivyo, ila halina wasiwasi wa rangi.

Rangi ya mshumaa ni jambo jingine. Mshumaa mwekundu au wa buluu ukishaondolewa nta yake unaweza kuacha kivuli kwenye nyuzi. Hapo ndipo spiriti kidogo kwenye kitambaa cheupe inapofaa, ikidonolewa na si kusuguliwa, baada ya kujaribiwa pembeni, madirisha yakiwa wazi na pasipo mwali wowote. Magadi, ambayo wengine huyanyunyiza kwa kila doa, hayana kazi hapa. Hayanyonyi nta, na juu ya zulia la sufu yanadhuru, kwa sababu sufu huchakazwa na vitu vya asili ya magadi. Doa la mwisho la mafuta, kama lipo, litoke kwa matone machache ya sabuni ya vyombo katika maji ya vuguvugu, kisha likaushwe kwa taulo siku ile ile.

Pingamizi zito kuliko yote ni la bei. Zulia la plastiki ni rahisi, husemwa, kwa nini mtu apige magoti saa nzima? Mwenye kusema hivyo anahesabu kwa mshahara wa kila mwezi. Kaya nyingi za mkoa wa Lindi hupata fedha ya mkupuo kwa misimu, ya ufuta katikati ya mwaka na ya korosho kuanzia Oktoba hivi, na kati ya misimu hiyo zulia jipya ni jambo la kungojewa. Saa moja ya karatasi na maji moto hugharimu karibu na bure. Vilevile zulia la plastiki halifi likitupwa. Haliozi jalalani, na likichomwa hutoa moshi mzito ambao majirani ndio wanaouvuta. Na si kila zulia ni la mwenye nyumba. La msikitini ni wakfu, limetolewa na mtu kwa ajili ya wote, na anayelishughulikia doa lake anashika amana ya watu wasiokuwapo. Hapo kukisia hakuruhusiwi.

Kukisia kunaweza kuepukwa kwa bilauri moja ya maji. Chomoa nyuzi mbili tatu kutoka ukingoni, zitie katika maji yenye tone la sabuni na uzibonyeze hadi zilowe. Zikielea, ni polipropilini, na pasi isilisogelee zulia hilo zaidi ya nukta ya kwanza. Zikizama, ni poliesta, nailoni, pamba au sufu, ambazo zinavumilia zaidi, ingawa sufuria inazitosha zote. Jaribio hili halina moto wala moshi, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kulifanya.

Lililo bora zaidi ni mtu kulijua zulia lake siku anaponunua. Wenye maduka ya mazulia Lindi, Kilwa Masoko na Nangurukuru wana uwezo wa kumwambia mteja nyuzi ni za nini, maana karatasi iliyobandikwa nyuma ya zulia au kwenye bunda mara nyingi husema. Waisome kwa sauti, na wasiing'oe. Mteja naye, anapokatiwa kapeti ya mita, aombe kipande cha masalio kinachotupwa chini na akiweke kabatini pamoja na mishumaa. Kitakuwa mahali pa kujaribia joto, spiriti au sabuni kabla ya kuligusa zulia lenyewe.